Shajara ya mradi: Unix ya zamani, ruhusa zake, na swali la nani alikuwa na haki ya kuzitoa

8 Januari

Kazi imeanza. Tunatengeneza kifurushi cha kufundishia mifumo endeshi: Unix toleo la 6 na la 7, pamoja na msimbo chanzo wake, vikiendeshwa ndani ya programu inayoiga kompyuta ya PDP-11, na maelezo mapya kando ya kila sehemu ya kiini (kernel), yaani moyo wa mfumo. Toleo la 6, la mwaka 1975, ndilo msingi, kwa sababu kiini chake hakifiki mistari 10,000. Mwanafunzi anaweza kukisoma chote na akaona kwa macho yake jinsi mfumo unavyogawa kumbukumbu, unavyopanga zamu za programu na unavyoandika kwenye diski. Mifumo ya leo haimpi mtu nafasi hiyo.

Sharti moja nimeliweka mapema na wenzangu wamelikubali: hakuna faili litakaloingia kwenye kifurushi kabla halijaandikwa kwenye leja ya haki. Kila mstari wa leja unajibu maswali haya: faili limetoka wapi, liliandikwa na nani, hakimiliki ilikuwa ya nani, ruhusa gani inalifunika, na aliyetoa ruhusa hiyo alikuwa na mamlaka gani ya kuitoa. Miradi mingi ya kuhifadhi programu za zamani huishia kwenye swali la nne. Sisi tunalitaka la tano.

15 Januari

Upande wa mitambo umekwenda haraka. Programu ya SIMH inaiga PDP-11 bila shida, nakala za tepu zilizohifadhiwa na The Unix Heritage Society zinasomeka, mfumo unawaka, na kompaila ya zamani, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inaweza kujikusanya yenyewe upya. Hapa sina la kuongeza. Kinachobaki ni karatasi, na karatasi ndiyo kazi yenyewe.

24 Januari

Leo nimemaliza kuchora mnyororo wa umiliki.

Unix ilizaliwa Bell Labs, maabara za AT&T, mwaka 1969. Kwa makubaliano ya mwaka 1956 kati ya AT&T na serikali ya Marekani, kampuni hiyo ilizuiwa kufanya biashara nje ya mawasiliano. Haikuweza kuuza Unix kama bidhaa ya kawaida, hivyo iliitoa kwa leseni, na vyuo vikuu vilipata msimbo chanzo kwa ada ndogo. Ndiyo maana mfumo ulienea kwa watu wenye akili ya kuuboresha. Toleo la 7 lilipotoka mwaka 1979, leseni ilikazwa: msimbo usitumike darasani. John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales alikuwa ameandika mwaka 1977 ufafanuzi wa kiini cha toleo la 6 kwa ajili ya wanafunzi wake. Kazi hiyo ikazunguka kwa fotokopi hadi ilipochapishwa rasmi mwaka 1996. Karibu miaka ishirini, maelezo bora ya mfumo endeshi yaliyokuwepo yalisomwa kwa kificho. Kila nikilifikiria jambo hili nasikitika, maana hakuna aliyenufaika na katazo lile.

AT&T ilivunjwa mwaka 1984, nayo ikawa huru kufanya biashara ya kompyuta. Mwaka 1993 kampuni yake tanzu ya Unix System Laboratories ilinunuliwa na Novell. Mwaka 1995 Novell ikaiuzia biashara ya Unix kampuni ya Santa Cruz Operation. Mwaka 2001 Caldera ikanunua kitengo kilichobeba biashara hiyo, na mwaka 2002 Caldera ikajiita SCO Group. Jina la UNIX lenyewe, kama alama ya biashara, lilikwenda njia nyingine kabisa: liko mikononi mwa The Open Group. Mtu akisema “mwenye Unix” inabidi kwanza aulizwe: mwenye jina, mwenye hakimiliki, au mwenye biashara?

2 Februari

Nimekaa na mkataba wa mauzo ya mali wa tarehe 19 Septemba 1995 kati ya Novell na Santa Cruz. Ni hati ndefu, lakini ugomvi wa miaka mingi kati ya SCO Group na Novell ulisimama juu ya kiambatisho chake kimoja, kile kinachoorodhesha vitu ambavyo mnunuzi hapewi. Humo imeandikwa kwamba hakimiliki zote zinabaki kwa muuzaji, na alama za biashara pia, isipokuwa alama za UNIX na UnixWare (bidhaa ya Unix ya Novell).

Tarehe 16 Oktoba 1996 pande zote mbili zilitia saini marekebisho ya pili. Maneno yakageuka: zinabaki hakimiliki zote isipokuwa zile ambazo mnunuzi anazihitaji ili atumie haki alizopata kuhusu teknolojia za UNIX na UnixWare.

Anazihitaji zipi? Hazikutajwa. Hakuna orodha, hakuna namba ya usajili, hakuna jina la toleo. Sheria ya Marekani inataka uhamisho wa hakimiliki uwe wa maandishi yaliyotiwa saini na mwenye haki. Saini zilikuwepo. Kilichokosekana ni jina la kitu kilichohamishwa.

Mwanzoni nilijiuliza kwa nini mtu auze biashara ya programu na abaki na hakimiliki yake. Jibu limo kwenye masharti ya malipo. Santa Cruz haikuwa na fedha za kulipa bei yote, hivyo Novell ilipokea hisa na ikabakiza haki ya mrabaha wa leseni za zamani za System V, toleo la Unix lililouzwa kibiashara. Mnunuzi alikusanya mrabaha huo, akaupeleka wote kwa Novell, na akarudishiwa asilimia 5 kwa kazi ya ukusanyaji. Kwa muuzaji anayeogopa kwamba mnunuzi anaweza kufilisika, kubaki na hakimiliki ni dhamana. Ukiusoma mkataba kwa jicho hilo, unaelewa kwa nini mahakama iliamua ilivyoamua.

Maamuzi yenyewe nimeyaweka kwenye leja kwa mpangilio. Agosti 2007 jaji wa Utah alisema hakimiliki ni za Novell. Mwezi uliofuata SCO Group iliomba ulinzi wa ufilisi. Agosti 2009 mahakama ya rufaa ilirudisha suala hilo, ikisema marekebisho ya pili yana utata na yanapaswa kupimwa kwa ushahidi mbele ya baraza la wazee wa mahakama (jury). Tarehe 30 Machi 2010 baraza hilo likasema hakimiliki hazikuhama. Agosti 2011 rufaa ya mwisho ikathibitisha.

10 Februari

Hapa ndipo mradi wetu unapoguswa moja kwa moja.

Ruhusa inayofunika toleo la 6 na la 7 ni barua ya Caldera ya tarehe 23 Januari 2002. Inaachia matoleo ya 1 hadi 7 ya PDP-11, pamoja na 32V, toleo la kompyuta za VAX, kwa masharti ya mtindo wa BSD (leseni huria inayoruhusu kutumia, kubadilisha na kusambaza), na inasema wazi kwamba matoleo ya baadaye, System III na System V, hayamo. Kabla yake, kuanzia 1998, mtu alihitaji leseni binafsi ya kusoma matoleo hayo ya kale, ambayo mwanzoni ililipiwa dola 100. Barua ya 2002 ndiyo iliyofungua mlango kwa kila mtu, na karibu kila mradi wa Unix ya kale duniani umejengwa juu yake.

Sasa weka tarehe mbili kando kwa kando. Barua ilitolewa 2002 na Caldera. Mwaka 2010 ikaamuliwa kwamba hakimiliki hazikuwahi kuhamia kwa Santa Cruz, kwa hiyo Caldera haikuweza kuzinunua kutoka kwake. Wahenga walisema mpewa hapokonyeki, lakini walichukulia kwamba aliyetoa alitoa chake.

Nimelijadili jambo hili na wenzangu kwa muda mrefu, na huu ndio msimamo tulioandika kwenye leja. Kwanza, Caldera ilikuwa na haki za biashara na za kusimamia leseni ilizozipata kwa mkataba, hivyo si kwamba ilikuwa mpita njia. Mipaka ya mamlaka hayo, hata hivyo, ilibanwa na mahakama: mwaka 2008 jaji aliamuru SCO iilipe Novell zaidi ya dola milioni 2.5 kutokana na makubaliano iliyofanya na kampuni ya kompyuta ya Sun, kwa kuwa yaligusa leseni ya zamani bila idhini. Pili, Novell haikuipinga barua ya 2002, ingawa ilikuwa hadharani muda wote walipokuwa wakigombea hakimiliki hizo hizo mahakamani. Tatu, watu wengi wametumia msimbo huo kwa nia njema mbele ya macho ya kila anayeweza kudai.

Kwa hiyo tunaitegemea barua, tunaiweka nzima ndani ya kifurushi, na tunatimiza masharti yake yote, pamoja na lile la kuitaja Caldera katika matangazo. Na chini yake tunaandika historia ya umiliki, ili anayechukua kifurushi ajue ardhi anayokanyaga. Sikubaliani na wanaosema tukae kimya ili tusiamshe wasiwasi. Mtu anayejenga kozi ya chuo kizima juu ya kazi yetu ana haki ya kujua.

21 Februari

Leo nimefanya kazi niliyoingojea: faili la malloc.c.

Katika toleo la 6, faili hili linagawa kumbukumbu kwa njia rahisi ajabu. Kuna jedwali la nafasi zilizo wazi. Kila safu ina ukubwa na anwani. Msimbo unaanza juu, unashuka safu kwa safu hadi upate yenye nafasi ya kutosha, unakata kipande cha mbele, unasogeza anwani, na safu ikiisha kabisa zilizo chini yake zinapandishwa moja moja. Anayeusoma leo atashtuka kuona =+ mahali ambapo amezoea +=. Ndivyo lugha ya C ilivyoandikwa wakati ule. Kompaila ya kisasa ingeisoma alama hiyo vingine na hesabu yote ingeharibika. Toleo la 7 lina msimbo wenye umbo lile lile, alama zikiwa zimegeuzwa. Kwangu alama ile ni ushahidi wa umri wa faili kuliko tarehe yoyote iliyoandikwa juu yake.

Faili hili dogo liliwahi kupanda jukwaani. Machi 2003 SCO Group iliishtaki IBM kwa madai ya dola bilioni 1, baadaye bilioni 5, ikidai kwamba msimbo wa Unix umepenyezwa ndani ya Linux, mfumo endeshi huria unaofanana na Unix. Mei mwaka huo kampuni zipatazo 1,500 zilipelekewa barua za onyo, na baadaye watumiaji wa Linux wakatakiwa kulipa dola 699 kwa kila prosesa. Watu waliuliza swali la haki kabisa: mistari ipi? Agosti 2003, kwenye mkutano wake huko Las Vegas, kampuni ilionyesha slaidi chache. Maneno ya sehemu ya msimbo yalikuwa yamegeuzwa kwa fonti ya Kigiriki ili yasisomeke. Picha za slaidi zikasambaa, watu wakabadilisha fonti, na wakatambua kilichokuwa mbele yao: msimbo wa kugawa kumbukumbu wenye asili katika Unix ya miaka ya 1970, ile ile ambayo Caldera ilikuwa imeiachia kwa barua ya mwaka uliotangulia. Ndani ya Linux ulikuwa umeingia kupitia faili lililochangiwa na kampuni ya kompyuta ya SGI kwa ajili ya mashine zake. Slaidi nyingine ilihusu kuchuja pakiti za mtandao, kazi ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Nimeandika haya kwa urefu kwa sababu ndiyo sababu ya leja yetu kuwepo. Dai la hakimiliki katika programu linapimika. Linataka toleo, faili na mstari. Juni 2006 mahakama iliondoa zaidi ya nusu ya vipengele ambavyo SCO ilidai vilitumika vibaya, kwa kuwa haikuvitaja kwa undani ulioagizwa. Kesi ya IBM ilifungwa kwa makubaliano mwaka 2021, kwa dola milioni 14.25 zilizolipwa kwa msimamizi wa mufilisi. Katikati kuna miaka kumi na minane ambayo kampuni na wasanidi waliishi na hofu ya kitu ambacho wengi wao hawakuonyeshwa kamwe.

Chombo chetu cha kulinganisha sasa kinapuuza majina, nafasi na tofauti ya =+ na +=, kinaangalia umbo tu. Kila mfanano utachapishwa na namba za mistari ya pande zote mbili.

1 Machi

32V, toleo la kompyuta za VAX. Barua ya 2002 inalitaja, kwa hiyo lingetosha mstari mmoja, lakini lina historia inayofaa kuandikwa. Mwaka 1992 Unix System Laboratories iliishtaki BSDi, kampuni iliyouza mfumo uliotokana na kazi ya Berkeley, kisha ikakiunganisha Chuo Kikuu cha California kwenye kesi kama mshtakiwa. Mwaka 1993 jaji wa New Jersey alikataa kutoa zuio. Moja ya sababu: AT&T ilikuwa imesambaza 32V bila tamko la hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani iliyotumika kabla ya Machi 1989, kazi iliyochapishwa bila tamko iliweza kupoteza ulinzi. Hilo halikufikia hukumu ya mwisho, maana mwaka 1994 pande zilipatana. Kati ya mafaili kama 18,000 ya Berkeley, 3 yaliondolewa na 70 hivi yakaongezewa tamko. Masharti ya mapatano yalifichwa hadi 2004.

Mafaili matatu! Na kwa ajili yake kazi ya Berkeley iliwekwa shakani karibu miaka miwili, wakati ambao Linux ilikuwa ikikua.

Sitaandika kwenye leja kwamba 32V ni mali ya umma. Uamuzi wa zuio hupima nani anaelekea kushinda, haumalizi kesi. Nimeandika: “ruhusa ya 2002, ulinzi wenyewe ulitiliwa shaka mahakamani 1993.”

9 Machi

Siku za barua zisizo na majibu.

Kuna zana moja ya kufundishia ya miaka ya 1980 tuliyotaka kuiambatisha. Iliandikwa na kampuni ndogo iliyonunuliwa na kubwa, ambayo nayo ilimezwa na nyingine. Nimeiandikia kampuni ya mwisho kwenye mnyororo. Wakanijibu kwa adabu kwamba hawawezi kuthibitisha kama hakimiliki ni yao, na kwamba hawatoi ruhusa. Nikauliza kama basi wanakubali kwamba si yao. Hilo pia hawawezi kulisema. Barua iko kwenye folda ya mradi, na zana imeondolewa.

Jambo hili linaniuma kuliko kesi zote za mahakamani nilizozisoma. Mwanasheria wa kampuni kubwa hapati faida yoyote kwa kupekua masanduku ya karatasi za mauzo ya miaka thelathini iliyopita ili anijibu mimi, na akisema “ndiyo” bila uhakika anajiweka hatarini. Kwa hiyo anasema hapana kwa kitu ambacho huenda si chake. Kusubiri muda wa ulinzi uishe nako si mpango: kwa kazi iliyofanywa kwa mwajiri, Marekani inaweza kuilinda miaka 95 tangu kuchapishwa. Tepu haziishi hivyo.

Misamaha iliyopo inasaidia nusu. Tangu 2018 Marekani inaruhusu maktaba, kumbukumbu na makumbusho kuvunja kufuli za programu zisizouzwa tena kwa ajili ya kuzihifadhi. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya 2019, unaziruhusu taasisi za urithi kunakili kazi zilizomo kwenye makusanyo yao, programu zikiwemo. Nakala inaokoka. Mwalimu anayetaka kuigawa kwa wanafunzi hapati kitu.

18 Machi

Matoleo ya 8, 9 na 10 ya maabara yametengewa folda yao. Machi 2017 Alcatel-Lucent na Nokia Bell Labs walitoa tamko kwamba hawatadai hakimiliki zao dhidi ya kunakili, kusambaza au kuendeleza matoleo hayo bila biashara. Ni zawadi kubwa na nawashukuru kwa dhati, ila ni ahadi ya kutodai, tena kwa matumizi yasiyo ya kibiashara tu. Haiwezi kuchanganywa na mafaili ya barua ya 2002, kwa hiyo yatapakuliwa kwa hiari, nje ya kifurushi kikuu.

Wapo waliofanya vizuri zaidi. Microsoft iliziweka MS-DOS 1.25 na 2.0 chini ya leseni huria ya MIT mwaka 2018, na 4.00 mwaka 2024. Nokia iliikabidhi Plan 9, mfumo endeshi mwingine wa Bell Labs, kwa wakfu wake mwaka 2021, nayo ikawekwa chini ya MIT. Hapo swali la tano la leja linajibiwa kwa sentensi moja.

27 Machi

Hali ilivyo: toleo la 6 limekamilika na leja yake. Toleo la 7 limebaki na zana za uandishi. System III na System V hazimo, na hazitaingia hadi mwenye hakimiliki aseme neno. Novell ilinunuliwa na Attachmate mwaka 2011, ikafuata Micro Focus, na tangu 2023 ni OpenText. Biashara ya UnixWare ilichukuliwa na kampuni iliyokuja kuitwa Xinuos. Barua ya maombi imeandikwa ikitaja kila faili kwa jina na tarehe, ili anayeipokea aweze kujibu faili kwa faili badala ya kukubali au kukataa yote.

Ombi kwa yeyote aliyefanya kazi kwenye chuo au kampuni iliyopokea leseni ya Unix miaka ya 1970 na 1980: kabla sanduku la karatasi halijatupwa, piga picha ukurasa wenye majina ya pande zote, tarehe na saini, na ule wenye orodha ya kilichotolewa. Masharti mengine mengi tunayo tayari. Kurasa hizo mbili ndizo zinazokosekana.